Vyama vya wafanyakazi katika filamu na televisheni Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayefanya kazi, au anayetaka kuanza kazi, kwenye seti za filamu na televisheni Uingereza. Kazi nyingi huko ni za wiki chache, wakati mwingine za siku moja tu, kwa hiyo tatizo likitokea mara nyingi kazi yenyewe imeshakwisha. Ndiyo maana tunarudia kusema: maliza mambo ya karatasi kabla kamera haijawashwa.

## Mambo ya msingi

1. Kuna vyama gani, na mimi niingie kipi?

Inategemea kazi unayoifanya. Mafundi na wote wa nyuma ya kamera (kamera, sauti, taa, mavazi, vipodozi, ujenzi wa mandhari, uhariri, ofisi ya utayarishaji) huingia Bectu. Tangu tarehe 1 Januari 2017 Bectu ni sehemu ya chama kikubwa zaidi kiitwacho Prospect. Waigizaji, wachezaji ngoma, watu wa sarakasi za hatari na wasimamizi wa jukwaa huingia Equity, iliyoanzishwa 1930. Wanamuziki wana Musicians' Union, ambayo mizizi yake ni Manchester mwaka 1893. Waandishi wa hadithi za filamu wana Writers' Guild of Great Britain, na waandishi wa habari wana NUJ. Waongozaji wengi wako Directors UK, ambayo pia hukusanya na kugawa malipo kazi zao zinaporushwa tena. Unite nayo ina wanachama, hasa upande wa ufundi na ujenzi.

Upande wa pili wa meza, kampuni huru za utayarishaji huwakilishwa na Pact, iliyoanza 1991. Ukisikia "makubaliano ya Pact na Bectu" au "ya Pact na Equity", hao ndio waliotia saini. BBC na ITV hujadiliana na vyama kwa meza zao wenyewe.

2. Ni lazima nijiunge ndipo nipate kazi?

Hapana. Zamani ilikuwa hivyo karibu kila mahali. Chama cha mafundi, kilichoanza 1933 kwa jina la ACT, kikawa ACTT mwaka 1956, kisha 1991 kikaungana na BETA, chama kingine cha utangazaji na burudani, kuzaa Bectu, kilikuwa na nguvu ya kadi: bila kadi huajiriwi, na bila kazi hupewi kadi. Equity ilikuwa na utaratibu kama huo. Mfumo ule ulilinda mishahara vizuri sana, lakini uliwafungia mlango wengi waliokuwa hawana ndugu wala rafiki ndani ya tasnia, wahamiaji wakiwemo. Sheria za ajira za 1988 na 1990 ziliumaliza.

Leo mwajiri haruhusiwi kukunyima kazi kwa sababu ni mwanachama, wala kwa sababu si mwanachama. Mtu akikuambia ulipe ili upate "kadi ya kuingilia seti", huyo ni tapeli.

3. Nijiunge lini?

Mapema. Vyama kwa kawaida havichukui kesi ya tatizo lililoanza kabla hujawa mwanachama, na hili ndilo linalowaumiza wageni kuliko jambo lingine lolote: mtu anakaa miaka mitatu bila chama, anadhulumiwa malipo ya mwezi mzima, anajiunga Jumatatu na kuomba mwanasheria Jumanne. Wanafunzi na wanaoanza wana viwango vya ada vya chini. Ukiwa Equity unapata pia bima ya dhima kwa umma ya hadi pauni milioni 10, ambayo waajiri wengine huiulizia kabla ya kukupa kazi.

## Mkataba na hadhi yako kisheria

4. Nimeambiwa mimi ni "wa kujitegemea". Je, sina haki zozote?

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kodi ni jambo moja, na haki za kazi ni jambo jingine.

Upande wa kodi, mamlaka ya mapato ya Uingereza, HMRC, ina orodha ya kazi za filamu na televisheni ambazo inakubali zifanywe kwa kujitegemea: unatoa ankara na kulipa kodi mwenyewe. Kazi zisizo kwenye orodha, kama za wasaidizi wa mwanzo wanaotumwa huku na huko, hulipwa kwa PAYE, yaani kodi hukatwa kabla hujapokea, kama ilivyo Kenya na Tanzania. Msingi wa mjadala huu mpaka leo ni kesi ya Hall dhidi ya Lorimer, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993. Ilimhusu mchanganya picha wa televisheni aliyefanya kazi fupi fupi kwa kampuni nyingi, na mahakama ilikubali kwamba alikuwa anajitegemea.

Upande wa haki, sheria ya ajira ya 1996 ina kundi lililo kati ya mwajiriwa kamili na anayejitegemea: mtu anayeahidi kufanya kazi yeye mwenyewe kwa mikono yake, bila kuwa mfanyabiashara anayemhudumia mteja. Mafundi wengi wa seti wako humo hata kama wanatoa ankara. Kundi hili lina haki ya kima cha chini cha mshahara, likizo ya malipo, mapumziko, na ulinzi dhidi ya ubaguzi. Halina ulinzi wa kawaida wa kuachishwa kazi isivyo haki. Neno "kujitegemea" lililoandikwa kwenye mkataba haliwezi peke yake kukunyang'anya haki hizi.

5. Likizo ya malipo kwa kazi ya wiki tatu? Inawezekana?

Inawezekana, na ni Bectu iliyoipigania. Kanuni za Uingereza za 1998 zilikuwa zinamnyima likizo yeyote ambaye hajakaa wiki 13 mfululizo kwa mwajiri mmoja. Kwa mafundi wa filamu hiyo ilikuwa na maana ya kutopata likizo maisha yao yote. Bectu ilikwenda mahakamani, na tarehe 26 Juni 2001 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba sharti hilo ni kinyume cha sheria. Tangu hapo likizo huanza kuhesabiwa siku ya kwanza, kwa kila mfanyakazi Uingereza, hata wa mgahawani na wa ghalani.

Haki ni wiki 5.6 kwa mwaka. Kwa wanaofanya kazi kwa vipindi hukokotolewa kuwa asilimia 12.07 ya malipo, na kwa miaka ya likizo inayoanza Aprili 2024 na kuendelea, mwajiri anaruhusiwa kuilipa pamoja na mshahara, mradi aionyeshe kando.

Hapo ndipo penye mtego. Ukiambiwa "pauni 280 kwa siku, likizo ikiwa ndani", gawanya kwa 1.1207. Malipo yako halisi ya siku ni pauni 249.84, na 30.16 ni likizo. Saa za ziada zitapigwa kwa ile 249.84. Kwa hiyo kabla hujalinganisha kazi mbili, uliza kila moja: likizo imo au haimo?

6. Makubaliano ya pamoja yananihusu hata kama si mwanachama?

Yanakuhusu kama mkataba wako unayataja. Uingereza makubaliano ya chama na waajiri kwa kawaida hayana nguvu ya kisheria yenyewe. Yanapata nguvu yanapoingizwa kwenye mkataba wa mtu. Tafuta sentensi inayosema kazi hii inafuata makubaliano fulani ya Pact na Bectu. Makubaliano ya filamu kubwa yanahusu zile zenye bajeti ya pauni milioni 30 na zaidi, na tamthilia za televisheni zina ya kwake. Filamu ndogo, vipindi visivyo na hadithi na matangazo ya biashara viko nje ya hayo mawili, kwa hiyo huko unajadiliana kila kipengele mwenyewe.

7. Orodha ya viwango ya Bectu ni sheria?

Si sheria. Matawi ya Bectu hutoa viwango vinavyopendekezwa kwa kila kazi na aina ya uzalishaji. Vitumie kama mahali pa kuanzia mazungumzo. Ukipewa chini, sema kiwango cha tawi ni kipi na uulize pengo linafidiwa na nini.

Waajiri nao hawaruhusiwi kupanga bei kwa siri. Machi 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliwatoza BBC, BT, IMG na ITV faini ya jumla ya zaidi ya pauni milioni 4 kwa kupeana taarifa kuhusu malipo ya wafanyakazi huru wa michezo. Sky ilihusika pia lakini ilisamehewa faini kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa.

## Saa za kazi

8. "10 na 1" ni nini?

Ni saa 10 za kazi na saa 1 ya chakula isiyolipwa, jumla saa 11 mahali pa kazi. Iko pia siku isiyokatika, fupi zaidi, ambapo watu hula huku kazi ikiendelea. Mambo ya kuuliza kwa maandishi: saa zinaanza kuhesabiwa wapi (kwenye kambi ya magari au kwenye seti?), muda wa kujiandaa na kufunga vifaa unalipwaje, na saa ya ziada inalipwa kwa kiwango gani. Wa vipodozi na mavazi ndio wanaoumia zaidi, maana wanafika kabla ya waigizaji na kuondoka baada yao. Saa mbili kwa siku zinaweza kuyeyuka hivyo bila senti.

Kwa mfano wa swali la 5: 249.84 kwa saa 10 ni pauni 24.98 kwa saa, na saa ya ziada kwa kiwango cha moja na nusu ni 37.48. Ukikubali malipo ya "yote ndani", saa hizo umeshaziuza. Usizikubali bila kuandikiwa kikomo cha siku.

Jambo dogo lenye kuleta hasara: ratiba ya siku huandikwa kwa saa 24. "07:00" ni saa moja asubuhi. Ukiandikiana na Mswahili mwenzako, taja asubuhi, mchana au usiku kila mara.

9. Nimemaliza saa nne usiku, wananiita saa moja asubuhi. Ni halali?

Kanuni za 1998 zinataka mapumziko ya saa 11 kati ya siku moja na nyingine. Ukimaliza saa nne usiku, usiitwe kabla ya saa tatu asubuhi. Hapo umekatwa saa mbili.

Lakini kanuni zilezile zinaitaja kazi ya filamu na televisheni miongoni mwa zile ambazo mapumziko yanaweza kucheleweshwa pale shughuli inapohitaji kuendelea, mradi upewe mengine ya kufidia baadaye. Waajiri wanaupenda mlango huu. Ndiyo sababu makubaliano mazuri huweka gharama: kila saa ya mapumziko iliyokatwa hulipwa zaidi. Gharama hiyo ndiyo inayomfanya mtayarishaji apange ratiba yake vizuri. Mwaka 2017 Bectu iliendesha kampeni ya "Eyes Half Shut" kuhusu saa ndefu na usingizi mdogo, na hatari inayojulikana zaidi ni ya kuendesha gari kurudi nyumbani alfajiri. Kama umechoka kiasi cha kutoweza kuendesha, mwambie msimamizi wa uzalishaji, omba chumba au teksi, na uombe kwa ujumbe wa maandishi.

10. Mkataba una karatasi ya kukubali kuzidisha saa 48 kwa wiki. Nitie saini?

Hakuna anayeweza kukulazimisha. Saa 48 ni wastani wa wiki 17, kwa hiyo wiki moja ya saa 60 peke yake si kosa. Hata ukishatia saini unaweza kujitoa kwa notisi ya siku 7, isipokuwa mkataba umetaja muda mrefu zaidi, ambao hauwezi kuzidi miezi 3.

## Malipo yanapokwama

11. Ankara imepita siku 45 na hawajalipa. Nifanye nini?

Kwa aliyetoa ankara kama biashara, sheria ya 1998 ya malipo yaliyochelewa inampa riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza, pamoja na fidia: pauni 40 kwa deni chini ya 1,000, pauni 70 kwa deni chini ya 10,000, na pauni 100 kwa linalofika hapo au kuzidi. Kama hamkukubaliana tarehe, deni huhesabiwa limechelewa baada ya siku 30. Tuseme deni ni 1,800, kiwango cha Benki Kuu ni asilimia 4, na zimepita siku 45 za kuchelewa: riba ni pauni 26.63, ongeza 70.

Andika kwanza kwa mhasibu wa uzalishaji, kwani mara nyingi ankara imekwama tu kwa kukosa namba au saini. Kisha barua yenye hesabu ya riba na siku 14 za mwisho. Kisha chama. Kisha mahakama ya madai madogo, ambayo England na Wales hupokea hadi pauni 10,000. Usichelewe: kampuni nyingi huundwa kwa ajili ya filamu moja tu, na filamu ikiisha hufungwa. Jina la kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba wako ndilo unalolidai, si jina kubwa lililo kwenye bango.

Kama ulilipwa kwa PAYE, njia ni nyingine: ni makato yasiyo halali ya mshahara, na unakwenda baraza la kazi, yaani mahakama ya migogoro ya kazi. Lazima upitie kwanza Acas, shirika la umma la upatanishi wa migogoro ya kazi. Muda wa kufungua umekuwa miezi 3 kasoro siku 1. Sheria ya Desemba 2025 inaurefusha, lakini wewe jipange kwa muda mfupi.

12. "Hakuna malipo ila utapata uzoefu na nauli."

Kama unapangiwa saa na kazi, wewe ni mfanyakazi na kima cha chini kinakuhusu. Mwaka 2009 baraza la kazi la Reading, katika kesi iliyoungwa mkono na Bectu, lilimpa haki msaidizi wa idara ya sanaa aliyekuwa amekubali kulipwa gharama tu. Kukubali kwake hakukuiondoa haki. Wanaobaki nje ni wanafunzi ambao kozi yenyewe inawataka wafanye mafunzo kazini, na wanaotazama tu bila kufanya kazi.

## Migomo na kulipiziwa kisasi

13. Mgomo unaitishwaje?

Kwa kura ya posta ya siri, chini ya sheria ya vyama ya 1992. Mwajiri lazima apewe notisi kabla ya kura na kabla ya mgomo. Sheria ya 2016 iliongeza sharti kwamba angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura wapige. Sheria ya Desemba 2025 inarudisha nyuma mengi ya hayo, ikiwemo kupunguza notisi ya mgomo kutoka siku 14 hadi 10. Kosa dogo la utaratibu linaweza kumpa mwajiri zuio la mahakama, kwa hiyo usianze mgomo baridi au kususia saa za ziada na wenzako kwa kuelewana tu kwenye WhatsApp. Piga simu chama kwanza.

Historia ina pande zote mbili. Mwaka 1979 ITV ilizimika karibu nchi nzima kuanzia Agosti hadi tarehe 24 Oktoba, na wafanyakazi wakapata nyongeza nzuri. Novemba 1987 mafundi wa TV-am, kituo cha televisheni cha asubuhi, waligoma kwa saa 24, wakafungiwa nje, mameneja wakaendesha kituo kwa kurusha vipindi vya zamani, na Februari 1988 mafundi 229 wakafukuzwa. Nguvu ya mafundi wa televisheni haikurudi kama ilivyokuwa.

14. Kwa nini Waingereza hawakugoma pamoja na waandishi na waigizaji wa Marekani mwaka 2023?

Kwa sababu mgomo wa kuunga mkono wafanyakazi wa mwajiri mwingine umekosa kinga ya kisheria Uingereza tangu 1990. Mwanachama wa Equity aliye kwenye mkataba wa Equity angegoma, angeweza kufukuzwa na chama kushtakiwa. Lakini hasara ilivuka bahari: katika utafiti wa Bectu wa mwaka huo, robo tatu ya waliojibu hawakuwa na kazi. Bima ya siku kama hizo hakuna. Film and TV Charity, shirika la hisani la tasnia lililoanza 1924, lina simu ya msaada na huwasaidia waliokwama.

15. Nikilalamika sitaitwa tena. Sheria inanilinda?

Kwa maandishi, ndiyo: orodha nyeusi za wanachama zimepigwa marufuku tangu 2010, na kumtesa mtu kwa uanachama wake ni kosa. Kwa vitendo, kazi hupatikana kwa simu ya mkuu wa idara, na asiyepigiwa simu hana cha kuonyesha. Njia inayofanya kazi ni kulalamika kwa pamoja kupitia mwakilishi wa chama, asitajwe mtu mmoja. Kwa unyanyasaji wa kijinsia, tangu Oktoba 2024 mwajiri ana wajibu wa kuuzuia kabla haujatokea. Uliza siku ya kwanza nani anapokea malalamiko, na hakikisha si mtu mmoja tu.

## Waigizaji na waigizaji wa ziada

16. Waigizaji wa ziada wako Equity au Bectu?

Ndani ya maili 40 kutoka Charing Cross, London, ni Bectu, kwa sababu chama chao cha zamani, Film Artistes' Association, kiliungana nayo 1995, na makubaliano yake na Pact yanaishia kwenye mpaka huo. Nje ya hapo Equity hujadiliana. Wakala akipokea pesa zako, anapaswa kukupa ndani ya siku 10.

17. Wanataka kunipiga picha za mwili mzima kwa kompyuta. Nikubali?

Usikubali kabla hujasoma matumizi. Andikiwa: ni kwa filamu hii tu, kwa muda gani, zinahifadhiwa wapi, na hazitafunza akili bandia. Desemba 2025 wanachama wa Equity walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 99 walisema wako tayari kukataa kuskaniwa ili kupata ulinzi. Ile ilikuwa ya kupima msimamo. Mgomo wenyewe unahitaji kura ya swali la 13.

## Hali za pekee

18. Niko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi. Naweza kufanya kazi seti?

Soma hili polepole. Viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri na inakataza kazi ya msanii wa burudani. Kwa hiyo kazi ya kutoa ankara (swali la 4) ni kuvunja masharti ya viza, hata ya siku moja, na kuigiza pia kumekatazwa. Kazi ya PAYE nyuma ya kamera inawezekana ndani ya kikomo cha saa zako, ambacho kwa wa shahada ni 20 kwa wiki wakati wa masomo. Saa 20 ni siku mbili tu za "10 na 1". Mtayarishaji akisema "toa ankara tu, ni rahisi", anayebeba hatari ni wewe. Kujiunga na chama hakuhitaji aina fulani ya viza.

19. Kampuni ya Uingereza inakuja kupiga filamu Kenya au Tanzania na imeniajiri hapa. Makubaliano ya Uingereza yananifunika?

Kwa kawaida hapana, isipokuwa mkataba wako uyataje. Kwa Kenya ni Sheria ya Ajira ya 2007, inayodai mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 na zaidi. Kazi ya filamu huwa fupi kuliko hapo, kwa hiyo daima dai karatasi mwenyewe. Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mgogoro huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Mwajiri wako mara nyingi ni kampuni ya huduma ya hapa nyumbani, si Waingereza, hivyo majina yote mawili yawe kwenye karatasi. Ukiwa pamoja na wanachama wa Bectu, waulize wanafanya saa ngapi na wanapumzika vipi. Ratiba ni moja, na mara nyingi saa zao ndizo unazoweza kudai nawe.

20. Na Belfast?

Ireland Kaskazini ina sheria zake za kazi. Badala ya Acas ni Labour Relations Agency, na mabadiliko ya 2016 na 2025 kuhusu migomo hayawahusu kwa namna ileile. Vyama ni vilevile, kwa hiyo piga simu ofisi ya Belfast kabla ya kutumia majibu ya 11 na 13.